Kichwa cha Namba 63

Helmeti yake ndiyo iliyonishika kwanza. Katika picha za zamani za Kansas City Chiefs, timu ya mpira wa Kimarekani, wenzake wote wamevaa helmeti nyekundu zinazometa, laini kama ganda la yai. Yake ina kitu kama uti wa mgongo: ukanda mnene uliobandikwa kwa nje, kuanzia juu ya paji la uso, ukapita utosini na kwenda nyuma. Nilidhani ni dosari ya picha. Picha yenyewe ilikuwa imegundishwa kwenye mlango wa kabati la mzee mmoja niliyefanya kazi naye zamu ya usiku katika ghala hapa Kansas City. Nilipomuuliza kwa nini mchezaji huyu peke yake alivaa kitu kama kile, alitazama saa, akaona dakika ishirini za mapumziko bado zipo, akavuta kreti na kuniashiria nikae.

"Huyo ni Willie Lanier, namba 63," akasema. "Lainibeka wa kati."

Mimi humwita Mzee. Nilimweleza maana ya neno hilo kwetu, naye akalipenda, mpaka sasa akinipigia simu hujitambulisha hivyo: "Mzee hapa." Ni Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa upande wa mashariki wa barabara ya Troost, barabara ambayo kwa miaka mingi iliugawa mji huu, Weupe magharibi na Weusi mashariki. Alimwona Lanier akicheza kwa macho yake. Mimi nimemwona kwenye video tu, lakini nimeziangalia nyingi mno, na ninachokiandika hapa ni deni ambalo nimekaa nalo kwa muda.

Nilifika Marekani kutoka Kenya nikiwa mtu wa raga. Shuleni nilivaa jezi namba 7, flanka, yule ambaye kazi yake ni kufika kwenye mpira kabla ya kila mtu na kumwangusha aliyeubeba. Kwa hiyo mpira wa Kimarekani ulinichosha mwanzoni. Sekunde tano za purukushani, kisha watu thelathini wanazungumza. Mzee ndiye aliyenifundisha pa kutazama. Usiufuate mpira, aliniambia. Mtazame mtu aliyesimama katikati ya walinzi, hatua nne au tano nyuma ya wale majitu wa mstari wa mbele. Nikaanza kumtazama huyo, na mchezo ukanifungukia.

Lainibeka wa kati anacheza kabla mpira haujaondoka. Anaangalia miguu ya washambuliaji imeelemea wapi, nani amesogea hatua moja kutoka mahali alipokuwa wiki iliyopita, kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, anatupa jicho upande gani. Yeye ndiye anayewaita wenzake kwenye mduara na kuwapa mpango, na ndiye anayeubadilisha kwa sauti iwapo ameona jambo dakika ya mwisho. Mpira ukirushwa, ana muda usiotosha hata kupepesa jicho kuamua: wanakimbia nao au wanapasia? Wakikimbia, lazima apenye katikati ya wanaume wa kilo mia na ushee waliotumwa kumzuia yeye. Wakipasia, lazima ageuke arudi nyuma akailinde sehemu kubwa ya uwanja, mtu wa mwili mkubwa akikimbizana na watu wepesi. Akikosea, uwanja mzima unaona.

Sasa fikiria ligi ambayo imeamua, bila kuandika popote, kwamba mtu Mweusi hawezi kazi hiyo. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya sitini. Nafasi zilizohesabiwa kuwa za kufikiri, yaani kwotabeki, senta anayemkabidhi mpira, na lainibeka wa kati, ziliwekwa kwa ajili ya Weupe. Kijana Mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni alihamishiwa pembeni akawe mdakaji au mlinzi wa kona, mahali ambapo mbio zake zingetumika na akili yake isingeulizwa. Mzee alilieleza hili bila kupandisha sauti hata kidogo. "Walitaka miguu yetu," alisema. Kisha akagonga paji la uso wake kwa kidole mara mbili na hakumalizia.

Lanier alizaliwa mwaka 1945 huko Clover, Virginia, akasoma Richmond katika shule ya upili iliyobeba jina la Maggie Walker, kisha akaenda Morgan State, chuo cha Weusi mjini Baltimore, chini ya kocha Earl Banks. Timu nyingi za wakati ule hazikuwa na hamu ya kutafuta vipaji kwenye vyuo hivyo. Chiefs walikuwa tofauti, na nadhani hii ndiyo sifa yao kubwa kuliko vikombe. Walikuwa na Lloyd Wells, msaka vipaji Mweusi aliyeijua njia ya kila chuo cha Kusini, na kocha Hank Stram aliyekuwa tayari kumchezesha mtu mahali anapostahili. Buck Buchanan alitoka Grambling. Otis Taylor alitoka Prairie View. Emmitt Thomas alitoka chuo kidogo cha Bishop, Texas. Kikosi kile kilijengwa kwa watu ambao wengine waliwapita bila kuwatazama.

Mwaka 1967, katika raundi ya pili ya uteuzi, pale timu zinapochagua kwa zamu wachezaji wapya kutoka vyuoni, Chiefs walichukua malainibeka wawili. Wa kwanza, chaguo la 47, alikuwa Jim Lynch, Mzungu, nahodha wa Notre Dame iliyokuwa imetoka kuwa bingwa wa vyuo. Wa pili, chaguo la 50, alikuwa Lanier. Wote wawili walikuwa watu wa kati, na katikati kuna nafasi moja. Mahali pengi jibu lingekuwa limeshaandikwa kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi. Stram aliwaacha washindane, Lanier akaipata, na Lynch akahamia upande wa kulia, upande wa kushoto akiwapo Bobby Bell. Watatu hao walicheza pamoja kwa miaka mingi, na Lanier na Lynch, watu wawili waliopaswa kuoneana kijicho, wakawa wanalala chumba kimoja safarini na marafiki wa maisha. Lynch alifariki mwaka 2022. Lanier ndiye anayekumbukwa kama mtu Mweusi wa kwanza kung'ara kama lainibeka wa kati katika mpira wa kulipwa.

Lakini hadithi ya helmeti bado.

Alipoingia, alicheza kama wengi walivyofundishwa: kichwa mbele. Alikuwa na kimo cha zaidi kidogo ya sentimita 185 na uzito wa karibu kilo 111, na alimwendea mbeba mpira kama gogo linaloporomoka mlimani. Wenzake walimpa jina la "Contact," yaani mgongano, na lilikuwa jina la sifa. Kisha, katika msimu huohuo wa kwanza, alianguka uwanjani na kupoteza fahamu. Kichwa kilikuwa kimeumia kwa mapigo ya siku zilizotangulia na sasa kikadai chake. Akakaa nje ya michezo kadhaa.

Hapa itanibidi nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo Lanier alipoacha kuwa mchezaji wa Mzee akawa wangu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mechi ya shule kwa shule, kiwanja kigumu cha mwezi wa pili, vumbi. Nilimwendea wenga wao vibaya, kichwa kikiwa mbele ya paja lake badala ya nyuma, na goti likanipata juu ya sikio. Nakumbuka ladha ya chuma mdomoni. Mwalimu wa michezo alinimwagia maji kichwani, akaniuliza jina langu, nikalitaja, akasema, "Haya, rudi." Nikarudi. Kipindi cha pili chote sikikumbuki mpaka leo. Nimesimuliwa kwamba nilicheza vizuri, kwamba niliangusha watu wanne, kwamba walinibeba juu juu. Mama yangu anakumbuka kilichofuata: siku tatu za kutapika, na mimi kuuliza swali moja mara kumi. Nilicheza miaka miwili zaidi kwa namna ileile, kwa sababu niliona kubadilika ni woga. Hakuna aliyeniambia vinginevyo, na mimi sikuwa na akili ya kujiambia.

Lanier alikuwa na umri wa miaka 22, mgeni kwenye ligi, akiwa amekalia kiti ambacho wengi walisubiri kuona mtu wa rangi yake akishindwa kukikalia. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuficha jeraha na kuongeza ukali ili asidharauliwe, ni yeye. Badala yake alikaa chini akaufikiria upya ufundi wake wote. Akavaa helmeti iliyoongezwa ukanda wa sponji kwa nje. Akaacha kupiga kwa kichwa. Akajifunza kumfikia mtu kwa bega na kifua, kichwa pembeni, mikono ikafunga, miguu ikaendelea kusukuma. Na jina la pili likaja, wakaanza kumwita "Honey Bear," dubu wa asali, kwa jinsi alivyowakumbatia watu na kuwalaza.

Ukitaka kuelewa ugumu wa jambo hili, muulize mchezaji yeyote wa raga. Kugonga ni rahisi, hasira inatosha. Kukumbatia kunahitaji ufike mapema, kwa sababu lazima miguu yako iwe chini na karibu naye kabla hujafunga mikono. Mtu anayegonga anaweza kuchelewa nusu hatua na bado akafika kwa kuruka. Mkumbatiaji hawezi. Maana yake Lanier alipoacha kichwa kama silaha, ilibidi akitumie zaidi kama kichwa: asome mapema, aanze mapema, achague pembe sahihi. Angalia video zake za miaka ya sabini. Mara nyingi mbeba mpira anapopata mwanya, Lanier ameshasimama ndani yake, na inaonekana kana kwamba mtu yule amekimbilia mikononi mwake kwa hiari. Watoa maoni wa zama zile waliipenda mishindo, na mshindo wa Lanier haukuwa na kelele. Mtu alisimama tu, akaenda chini, mchezo ukaisha.

Kuna watu watakaosema Dick Butkus wa Chicago Bears ndiye lainibeka wa kati mkubwa kuliko wote wa enzi hizo, na sina ugomvi na kumheshimu Butkus. Alikuwa moto. Aliokota mipira 27 iliyowaponyoka watu, na mingi haikuponyoka yenyewe. Lakini magoti yake yalimtoa mchezoni baada ya misimu tisa, naye alinyaka pasi 22. Lanier alicheza misimu 11, kuanzia 1967 hadi 1977, michezo 149, akanyaka pasi 27 za wapinzani na kuokota mipira 18 iliyoponyoka. Pasi 27 kwa mtu wa kilo 111 anayecheza katikati ya msitu wa watu! Ukiniambia nichague mmoja wa kuanzia naye timu, nitamchukua wa 63 na sitapoteza usingizi.

Mzee ana siku mbili anazozirudia. Ya kwanza hakuwapo, aliisikiliza na baadaye akaiona. Ni tarehe 20 Desemba 1969, Shea Stadium, New York, upepo mkali wa baridi. Chiefs wanacheza na Jets wa Joe Namath, mabingwa watetezi. Robo ya nne, Chiefs wanaongoza 6–3, mchezo wa mateke tu. Ndipo mwamuzi anatoa adhabu, Emmitt Thomas amemzuia mdakaji isivyo halali, na mpira unawekwa yadi moja kutoka kwenye mstari wa kufungia. Yadi moja. Ni urefu wa hatua ya mtoto aliyeanza shule. Jets wana nafasi nne za kuingia, na ukiwauliza watu wote uwanjani wangekuambia ni suala la muda.

Lanier aliingia kwenye mduara machozi yakimtoka. Wenzake wameisimulia mara nyingi, kwamba mtu mtulivu kuliko wote katika kikosi kile alikuwa analia na kupaza sauti kwamba hawa hawafungi, haiwezekani wakafunga, kwa lolote lile. Buchanan, jitu la futi sita na inchi saba, akimsikiliza. Bell akimsikiliza. Lynch akimsikiliza. Jets wakakimbia katikati, ukuta. Wakakimbia tena, ukuta. Mara ya tatu Namath akauficha mpira na kukimbilia pembeni akitafuta wa kumpasia, akakuta kila njia ina mtu, pasi ikaanguka chini. Nafasi ya nne wakaishia kupiga teke, 6–6. Muda mfupi baadaye Len Dawson akamrushia Otis Taylor mpira wa yadi 61, kisha Gloster Richardson akadaka pasi ya kufunga, tachidauni, na mambo yakaisha 13–6.

Nimeutazama mduara ule kwenye video bila sauti, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukubali mbele ya mke wangu. Kinachonigusa ni kwamba hakuna anayemtazama Lanier kwa mshangao. Wanaume wa rangi mbili, mwaka mmoja na ushee baada ya Martin Luther King kuuawa na miji kuwaka moto, Kansas City ikiwemo, wameinamisha vichwa kumzunguka mtu Mweusi anayelia na kutoa amri, na wanaitii amri. Swali la nani anaweza kufikiri katikati ya uwanja lilijibiwa pale, kwenye yadi moja.

Yaliyofuata ni vitabu vya rekodi. Tarehe 4 Januari 1970 waliwapiga Raiders 17–7 huko Oakland. Wiki moja baadaye, Tulane Stadium, New Orleans, fainali ya Super Bowl ya nne, wakawashinda Minnesota Vikings 23–7, Vikings waliopewa nafasi kubwa na kila mtabiri. Vikings walipata yadi 67 tu kwa kukimbia. Pasi tatu zilinyakwa na Chiefs, moja ikiwa ya Lanier.

Watu wanamkumbuka kwa hayo, na kwa Ukumbi wa Mashujaa wa Canton, Ohio, alikoingizwa mwaka 1986, na kwa kuwekwa katika kikosi bora cha miaka 75 ya ligi na tena kile cha miaka 100. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Mtu wa Mwaka wa NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, inayotazama pia jinsi mchezaji anavyoishi na watu nje ya uwanja. Alipomaliza kucheza alirudi Richmond akafanya kazi ya uwekezaji na fedha. Hili lilinifurahisha nilipoligundua, kwa sababu Maggie Walker, yule ambaye shule ya Lanier ilibeba jina lake, ndiye mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kuanzisha benki iliyosajiliwa, mjini humohumo Richmond, mwaka 1903. Kijana wa shule ya Maggie Walker akaenda kuhesabu pesa. Kichwa kilikuwa bado kizima.

Si vyote vilibaki vizima. Mwaka 2002 daktari Mnigeria, Bennet Omalu, aliupasua ubongo wa Mike Webster, senta wa zamani wa Pittsburgh, akakuta ndani yake uharibifu uliotokana na mapigo ya miaka mingi, na ligi ikachukua muda mrefu sana kumsikiliza. Junior Seau, lainibeka aliyecheza misimu 20, mtu aliyependwa popote alipopita, alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 43. Ubongo wake ulipopimwa, ugonjwa ni uleule. Nilimpenda Seau. Siwezi tena kutazama video zake bila kuhesabu vichwa vinavyogongana.

Mwaka 2022 NFL iliamuru malainibeka, na watu wa mstari wa mbele pamoja nao, wavae kifuniko laini cha sponji juu ya helmeti wakati wa mazoezi ya kabla ya msimu. Mwaka 2024 wakaruhusiwa kuvivaa hata kwenye mechi zenyewe. Nilimpelekea Mzee picha ya mchezaji aliyevaa kifuniko hicho. Alinijibu kwa neno moja: "Sitini-na-saba." Alimaanisha mwaka. Miaka 55, kutoka kwa kijana mmoja aliyeamua hivyo kwa kichwa chake mwenyewe hadi ligi nzima.

Siku ya pili ya Mzee ni Krismasi ya mwaka 1971, na hiyo alikuwapo. Miami Dolphins walikuja Municipal Stadium, wakatoka sare 24–24, zikaongezwa dakika, zikaongezwa tena, mpaka Garo Yepremian akapiga teke la ushindi la Miami baada ya dakika 82 na sekunde 40 za mchezo. Ndiyo mechi ndefu kuliko zote katika historia ya NFL, na ilikuwa ya mwisho kwa Chiefs katika uwanja ule.

Uwanja haupo tena. Ulibomolewa mwaka 1976. Majira ya kuchipua yaliyopita Mzee alinipitia Jumapili moja, tukaenda mpaka kona ya barabara ya 22 na Brooklyn, mashariki ya Troost. Sasa kuna nyumba za watu, nyasi zilizokatwa vizuri, baiskeli ya mtoto imelala kando ya ngazi. Mzee alitembea polepole akipima kwa hatua, akarudi, akapima tena, akasimama. Hapa nilikaa mimi na kaka yangu, alisema, miguu imekufa ganzi, hakuna aliyeondoka. Nikamuuliza Lanier alikuwa anaonekanaje dakika zile za mwisho, alikuwa amechoka?

Hakunijibu. Alinishika bega akaniweka mbele yake kama mbeba mpira, akashuka magoti kidogo, yeye na miaka yake sabini na kitu, akaingia kwangu kwa kifua, kichwa akakipitisha pembeni ya mbavu zangu, mikono akaifunga mgongoni. "Hivi," akasema. "Mpaka mwisho, hivi." Na kwa muda hakuniachia.